Killmonger wa vitabuni na Killmonger wa filamu: nani amemsaliti nani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi na binamu yangu tumekuwa tukisoma vitabu vya katuni vya Black Panther tangu tukiwa sekondari. Juzi tuliitazama upya filamu ya mwaka 2018 tukaishia kugombana. Yeye anashikilia kwamba filamu imevisaliti vitabu: Killmonger wa vitabuni, adui mkuu wa hadithi, si ndugu wa damu wa T'Challa (yaani Black Panther mwenyewe, mfalme wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda), Nakia ni adui wala si mpenzi wa mfalme, M'Baku, mpinzani wa mfalme, amevuliwa ngozi yake ya gorila, na aliyemuua T'Chaka, baba wa mfalme, amebadilishwa. Mimi naipenda filamu ile, lakini kila anachokisema ni kweli na sina la kumjibu. Kwetu jambo hili si la kupitisha muda, maana tunajiandaa kutengeneza filamu fupi kutokana na hadithi ya katuni iliyokuwa ikitoka gazetini utotoni mwetu, naye anataka tufuate kila kisanduku kama kilivyochorwa. Nani kati yetu yuko sahihi, na uaminifu wa filamu hupimwa kwa kipimo gani?"

Marahaba, mwanangu. Ugomvi wenu unagusa kazi ambayo nimeifundisha kwa miaka mingi, yaani namna hadithi inavyohama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini. Nianze na jambo ambalo huenda usilipende: katika yale manne uliyoyataja, binamu yako hajakosea hata moja. Amesoma kwa makini, na msomaji wa namna hiyo anastahili kujibiwa kwa hoja, si kuambiwa kwamba hajui kufurahia filamu. Anapokosea ni pale anapotoka kwenye "hapa pana tofauti" na kuruka moja kwa moja hadi "huu ni usaliti", kwa kuwa katikati ya kauli hizo mbili kuna maswali ambayo bado hajayauliza.

Swali la kwanza ni hili: anaposema "vitabu", anasema vitabu vya nani? Riwaya huandikwa na mtu mmoja, ikachapishwa, ikafungwa, na anayeitengenezea filamu anajua anakitazama kitu gani. Black Panther hakuzaliwa hivyo. Stan Lee na Jack Kirby walimtambulisha mwaka 1966 katika toleo la 52 la Fantastic Four, akiwa mgeni katika hadithi ya mashujaa wengine. M'Baku aliongezwa na Roy Thomas na John Buscema mwaka 1969, katika toleo la 62 la The Avengers. Killmonger aliletwa na Don McGregor na mchoraji Rich Buckler mwaka 1973. Okoye, Nakia na kikosi kizima cha Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme, walitoka kwa Christopher Priest na Mark Texeira kuanzia mwaka 1998, na Shuri, ambaye mashabiki wengi leo hawawezi kuiwazia Wakanda bila yeye, hakuwepo kabisa hadi mwaka 2005, Reginald Hudlin na John Romita Jr. walipomchora. Kwa karibu miaka 40 mfalme huyu hakuwa na dada huyo, na hakuna aliyelalamika kwamba anakosekana.

Waandishi hao hawakuwa wakiongeza tu. Walikuwa wakirekebishana, na mara nyingine wakipingana waziwazi. Kwa Priest, Dora Milaje ni wasichana waliotolewa na makabila ya Wakanda ili wawe wachumba watarajiwa wa mfalme, jambo lililokusudiwa kulinda amani kati ya makabila, na huzungumza na mfalme na wao kwa wao tu, tena kwa Kihausa. Ta-Nehisi Coates alipoichukua kalamu mwaka 2016, wawili kati ya wanawake hao, Ayo na Aneka, wanaasi dhidi ya kiti cha enzi. Filamu nayo inawafanya kuwa askari wenye jenerali wao, Okoye. Ukiuliza ni ipi kati ya sura hizo iliyo aminifu kwa asili, asili yenyewe inakosekana, kwa sababu mwaka 1966 kikosi hicho hakikuwepo.

Sisi wenye lugha hii hatupaswi kusumbuka sana kulielewa jambo hilo, kwa kuwa tumerithi shujaa wa aina hiyohiyo. Fumo Liyongo amesimuliwa Pate, Lamu na pwani yote kwa vizazi vingi, na hakuna wasimulizi wawili wanaomsimulia sawasawa. Mmoja atakaa na kisa cha gerezani, wimbo alioutuma kwa mama yake na mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Mwingine atakipita kwa maneno machache ili awahi kufika mwisho. Hadhira huwavumilia wote. Lakini msimulizi akisema kwamba Liyongo alikufa vitani kwa upanga wa adui, watu watamkatiza hapohapo, kwa sababu mwili wa Liyongo haupenyeki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na mkono unaoichoma sindano hiyo ni wa mwanawe mwenyewe. Hapo ndipo penye mshipa wa hadithi. Ukiukata, hata ukilihifadhi kila jina na kila wimbo, unachokisimulia si Liyongo tena.

Kwa hiyo kipimo ninachokupendekezea ni kuutafuta mshipa huo kwanza, kisha kuuliza kama filamu imeukata. Tumjaribu Killmonger, kwa sababu yeye ndiye hoja nzito kuliko zote za binamu yako, na pia ndiye anayeonyesha vizuri jinsi mambo haya yanavyofanya kazi.

Hadithi ya McGregor ilitoka katika jarida lililoitwa Jungle Action, toleo la 6 hadi la 18, kuanzia mwaka 1973 hadi 1975. Lilikuwa jarida la kila baada ya miezi miwili, ambalo hapo awali lilikuwa likirudia hadithi za miaka ya 1950 za mashujaa wazungu wa msituni. Katika hadithi hiyo T'Challa amerudi nyumbani baada ya kukaa muda mrefu Marekani na kikosi cha mashujaa kiitwacho Avengers, akiwa ameandamana na mpenzi wake Mmarekani, mwimbaji Monica Lynne, naye anaikuta nchi imemchukia. Killmonger, ambaye jina lake la kuzaliwa ni N'Jadaka, ni Mwakanda aliyekulia uhamishoni Harlem, New York, baada ya baba yake kulazimishwa kumtumikia Klaw, mwizi wa vibranium, madini ya thamani ya Wakanda. Amesoma, amerejea, amejenga kijiji chake na jeshi lake, na chuki yake imempata mfalme ambaye tayari raia wake wanamwuliza: ulikuwa wapi tulipokuhitaji?

Sasa mtazame Killmonger wa Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu. Amekulia Oakland, mji wa Marekani ambao mwongozaji mwenyewe amezaliwa. Baba yake, N'Jobu, ni ndugu wa mfalme T'Chaka, na T'Chaka ndiye aliyemuua na kumwacha mtoto yatima ng'ambo. Kijana huyo anaporudi, lalamiko lake ni lilelile la kutelekezwa, ila limegeuzwa ndani nje. Kwa McGregor, mfalme anashtakiwa kwa kuutazama ulimwengu hadi akausahau ua wake. Kwa Coogler, ua mzima unashtakiwa kwa kujifungia na utajiri wake huku watu wenye asili moja nao wakiteseka nje. Shtaka ni moja, nalo linahusu deni la mwenye nguvu kwa aliyeachwa nyuma, na kwa macho yangu huo ndio mshipa wa Black Panther tangu mwaka 1973. Filamu haijaukata. Imeubeba hadi mwisho wake, pale T'Challa anapowaambia wazee waliomtangulia kwamba walikosea kuupa ulimwengu kisogo, kisha anakwenda kufungua kituo cha misaada palepale Oakland.

Lakini kwa nini wamfanye ndugu wa damu? Jibu liko katika vyombo ambavyo kila sanaa hutumia. McGregor alikuwa na matoleo 13 na zaidi ya miaka miwili, na alikuwa na maelezo ya pembeni ya picha, marefu na mazito, yaliyomwezesha kumwingiza msomaji ndani ya fikra za mhusika wakati wowote alipotaka. Coogler alikuwa na dakika 134 na kamera, nayo kamera huona nyuso na vitendo tu. Haki ya Killmonger kuingia katika baraza la wazee na kudai pambano la kugombea kiti ingehitaji sura kadhaa za maelezo kama angekuwa raia wa kawaida. Alipofanywa mtoto wa ndugu wa mfalme, sekunde moja inatosha: anataja jina la baba yake, sura za wazee zinabadilika, na mtazamaji ambaye hajawahi kufungua kitabu hata kimoja anaelewa papo hapo kwamba mtu huyu ana haki, na kwamba haki hiyo imefichwa kwa damu. Mabadiliko ambayo binamu yako anayaona kuwa kasoro ndiyo mlango ambao hoja ya McGregor iliingilia kwenye skrini. Na penye picha iliyoweza kubebwa jinsi ilivyo, Coogler aliibeba: Killmonger anamrusha T'Challa kutoka kwenye maporomoko ya maji, kama alivyofanya katika toleo la 6 mwaka 1973.

Kuna kitu kimoja kilichopotea hapo, na nisingependa kukificha. Vitabuni Killmonger haangushwi na mfalme. Mtoto mdogo aitwaye Kantu, aliyefiwa na baba yake katika vita hivyo, ndiye anayemsukuma ukingoni mwa maporomoko yaleyale, na T'Challa anaokolewa na mmoja wa watu ambao yeye alishindwa kuwakinga. Ni mwisho mchungu, nami naupenda kuliko mwisho wa filamu, ambao unawabakiza binamu wawili peke yao wakitazama jua likizama. Filamu ilipolifanya deni kuwa la ukoo, ilibidi mwisho nao uwe wa ukoo, na mwananchi wa kawaida akakosa nafasi yake.

Kuhusu M'Baku nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa binamu yako hana pa kusimama. Mhusika wa mwaka 1969 aliitwa "mtu-nyani" kwa Kiingereza, alivaa ngozi ya gorila mweupe, na alipata nguvu kwa kula nyama yake na kuoga damu yake. Kumwonyesha mtu mweusi hivyo kwenye skrini mwaka 2018 kungekuwa kurudisha tusi la kale dhidi ya Waafrika, na watengenezaji waliliona hilo mapema. Waliiacha ngozi pamoja na jina, wakabakiza kiburi chake, ibada ya gorila na upinzani wake kwa kiti cha enzi, wakampa watu wake milima ya theluji. Watu hao huitwa Jabari, neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Kumfuata M'Baku wa kwanza kwa kila mstari kungekuwa kuuheshimu ujinga wa zama zake.

Sasa nimpe binamu yako haki yake. Nakia wa filamu, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, amechukua jina tu. Nakia wa Priest ni msichana mdogo wa Dora Milaje aliyebusiwa na mfalme wakati mfalme alikuwa amechezewa akili, akaamini kwamba anapendwa, akajaribu kumuua Monica Lynne, akafukuzwa, na mwishowe akawa adui aitwaye Malice. Ni hadithi kuhusu hatari ya kumlea mtoto ili awe mke wa mfalme, nayo haimo kwenye filamu hata kidogo. Mwanamke tunayemwona, mpelelezi mwenye msimamo anayeikataa nafasi ya umalkia ili awasaidie wakimbizi, ni mhusika mpya na mzuri, ila ningependelea kama angepewa jina jipya. Hapo mlalamikaji ana kesi.

Ana kesi nzito zaidi kuhusu T'Chaka. Katika hadithi ya mwaka 1966 anauawa na Klaw, Mzungu aliyekuja na watu wenye silaha kupora madini, na T'Challa, akiwa mtoto, anaigeuza silaha ya mporaji dhidi ya mporaji mwenyewe na kumvunja mkono. Kwenye filamu T'Chaka anakufa Vienna, katika filamu ya Captain America ya mwaka 2016, kwa bomu lililotegwa na mtu ambaye kisasi chake kilikuwa na Avengers na ambaye vibranium haikumhusu. Msomaji wa Kolwezi au Bukavu, huko Kongo, hahitaji kuelezwa tofauti kati ya mfalme aliyeuawa kwa sababu ya madini yaliyo chini ya miguu yake na mfalme aliyekufa katika ugomvi wa wengine. Coogler alirithi uamuzi huo kutoka kwenye filamu iliyotangulia, naye alijaribu kuziba pengo kwa onyesho la makumbusho ya London, ambapo Killmonger anamwuliza mtunzaji vitu vile vilipatikanaje. Ni onyesho kali, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya jeraha la mtoto aliyeona baba yake akiuawa.

Kuna dhana nyingine ambayo mashabiki hubishana bila kuikagua, kwamba vitabu ni mto na filamu ni kisima kinachochota tu. Maji haya yametembea pande zote mbili tangu mwanzo. Superman wa vitabu vya mwaka 1938 alikuwa akiruka kama panzi, hakupaa; kupaa alijifunzia kwenye redio na katuni za sinema. Na kriptonaiti, jiwe linalomdhoofisha, ilisikika kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943 kabla ya kuingia vitabuni. Nick Fury, mkuu wa majasusi katika hadithi za Marvel, alichorwa kwa sura ya mwigizaji Samuel L. Jackson katika vitabu vya The Ultimates, msururu wa pembeni, mwaka 2002, mwigizaji huyo akaja kumwigiza mwaka 2008, na baadaye hata vitabu vya msururu mkuu vikamleta Fury mwenye sura hiyo. Hata lugha ya Wakanda ilipita njia ya namna hiyo: Kixhosa cha filamu kilitokana na John Kani, mwigizaji wa T'Chaka kutoka Afrika Kusini, ambaye hiyo ni lugha yake ya mama. Mtu anaweza kusikitika kwamba nchi iliyowekwa Afrika Mashariki haisemi lugha ya kwetu, lakini hawezi kusema kwamba vitabu vilivunjwa, kwa sababu Kihausa cha Priest nacho kilikuwa chaguo la mwandishi mmoja.

Nikuulize jambo ambalo huenda linaeleza hasira ya binamu yako kuliko haya yote. Anaposoma kitabu, sauti ya Killmonger anaipanga nani? Anaipanga yeye. Mwendo wa pambano, muda wa ukimya kati ya kisanduku kimoja na kingine, sura ambayo mchoraji ameiacha gizani, yote hayo msomaji huyakamilisha mwenyewe, na baada ya miaka kumi ya kuyakamilisha huwa ni mali yake. Filamu huja na kuyaamua yote mara moja mbele ya watu wote. Uchungu huo ni wa kweli hata pale filamu ilipofanya uamuzi bora, na ukiukubali mbele yake kabla ya kubishana, nadhani utamkuta ni mtu mwingine. Kama mmefika hatua ya kutosemeshana, msiendelee kuandikiana kwenye simu; kaeni uso kwa uso, ikibidi pamoja na mtu mnayemheshimu nyote wawili.

Tufike kwenye filamu yenu. Kufuata kila kisanduku kunawezekana, na faida yake ni kwamba kunawalinda wanaoanza dhidi ya kujipendeza. Mchoraji mzuri tayari amekwishawachagulia pembe za picha. Hasara yake ni kwamba kisanduku ni wakati uliosimamishwa: mchoraji anaweza kumweka mhusika hewani kwa sentensi nne za mazungumzo, lakini mwigizaji wenu ataanguka kabla ya sentensi ya pili. Pia hadithi ya gazetini ilikatwa vipande ili msomaji arudi kesho, hivyo ina vilele vingi vidogo ambavyo, vikipangwa mfululizo katika dakika 15, humchosha mtazamaji. Ushauri wangu ni kwamba kila mmoja wenu aandike peke yake, bila kumwonyesha mwenzake, ni tukio gani likiondolewa hadithi ile inakufa. Mkikubaliana, tukio hilo lifuateni kisanduku kwa kisanduku kama binamu yako anavyotaka, na kwingineko mjipe uhuru. Msipokubaliana, basi hamjawa tayari kuandika mswada, na ni afadhali mjue hivyo sasa. Mswada wa kwanza ukishakamilika, mpeni mtu ambaye hajawahi kuisoma katuni hiyo, naye awaambie kile alichokielewa.

Kuna jambo moja ambalo mimi siwezi kuwamalizia kwa maandishi. Hadithi hiyo ina mwenyewe. Kuigeuza kuwa filamu, hata fupi, hata ya bila malipo, ni haki ya mtunzi au ya gazeti, kutegemea mkataba waliokuwa nao, na kama mtunzi amefariki haki hiyo huwa imebaki kwa warithi wake. Uaminifu wenu kwa michoro hautawakinga hapo. Kadiri mnavyoifuata kwa karibu ndivyo mnavyohitaji kibali zaidi. Nendeni ana kwa ana kwenye Ofisi ya Hakimiliki, ambayo Tanzania inajulikana kama COSOTA na Kenya kama KECOBO, mwulize haki ziko kwa nani, kisha mwonane na mwanasheria wa hakimiliki kabla ya kutia saini chochote. Mkimpata mtunzi akiwa hai, mwombeni pia awaeleze kwa nini alichora alivyochora, maana binamu yako atakuwa na maswali ambayo hakuna mtu mwingine awezaye kuyajibu. Ruhusa ya mdomo, hata ikitolewa kwa furaha na chai juu yake, haitoshi. Ipateni kwa maandishi, na msiwashe kamera kabla karatasi hiyo haijawa mkononi mwenu.